Pampu na tenki vilivyofunguliwa kwenye trekta la Mzee Machibya: maelezo ya Paskazia Masele

KITUO CHA POLISI MWALUBANDA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Paskazia Masele
Umri: Miaka 43
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Mwalubanda, Wilaya ya Misungwi, Mkoa wa Mwanza
Tarehe: Jumatatu, 16 Septemba 2024. Kuandika kumeanza saa 3:05 asubuhi.

Mimi Paskazia Masele nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Koplo Winnie anayeniandika amenionya kwamba nikisema uongo naweza kushitakiwa, nami nimeelewa. Naomba nikikosea siku au saa niulizwe tena, kwa sababu tangu Jumanne iliyopita sijalala vizuri.

Nimekuja kwa sababu jana Jumapili jirani yetu Obedi Masalu alikamatwa nyumbani kwake kwa tuhuma za kuiba pampu ya haidroliki na tenki lake la mafuta kutoka kwenye trekta la Mzee Machibya. Obedi hakuiba. Vitu hivyo nilivifungua mimi, mchana, mbele ya watu zaidi ya ishirini, na nilipoanza mwenye trekta alikuwa amesimama pale pale. Nitaeleza tangu mwanzo.

Mume wangu anaitwa Chenge Kashindye, ana miaka 51. Ni dereva wa trekta la Mzee Machibya kwa miaka kumi na tisa sasa. Trekta lenyewe ni la mwaka 1962, la bluu, ingawa ubluu wake umebaki kwenye kona tu. Zamani lilikuwa la ushirika wa pamba, baba yake Mzee Machibya akalinunua kwenye mnada. Mume wangu ndiye anayelijua. Likikataa kuwaka, hata kama yuko kanisani, ataitwa.

Mnamo Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, saa 3:40 asubuhi, mume wangu alikuwa analipeleka trekta lile, likiwa na haro ya kuvunja mabonge nyuma, kwenda kulainisha shamba la mpunga la Mzee Machibya lililo upande wa ziwani. Ili kufika huko unavuka daraja dogo juu ya mfereji wa skimu ya umwagiliaji. Ukingo wa daraja ulikatika, trekta likaangukia mfereji kwa ubavu wa kulia. Mimi sikuliona likianguka. Nilikuwa nyumbani nashona sare za kwaya. Aliyekuja kuniita ni binti yangu Gladness, mwenye miaka ishirini. Aliniambia, "Mama, baba yuko chini ya trekta, anaongea."

Nilifika pale saa 4:05. Saa hizi ninazozitaja hazikutoka kichwani kwangu. Gladness alikuwa anampigia simu kila mara dereva wa lori lililoitwa kuja kulivuta trekta, na kila simu iko kwenye simu yake na saa yake. Nitaionyesha ikitakiwa. Saa nyingine nimezipata kwa watu waliokuwa ukingoni.

Sehemu ile mfereji umejengwa kwa zege kuta zote mbili, na kina chake kinafika mabegani kwa mtu wa kimo changu. Trekta lilikuwa limelalia ubavu, limeegemea ukuta mmoja. Mume wangu alikuwa kati ya injini na ukuta, amelala chali nusu, paja lake la kulia limebanwa. Kichwa chake kilikuwa kwa upande maji yanakotoka. Maji yalikuwa yanamfika tumboni. Nilidhani ndiyo maji ya kawaida ya mfereji. Nilichelewa kuelewa kwamba trekta lenyewe limeziba mfereji kama ukuta, na maji yote yanayokuja yanajikusanya pale alipo yeye.

Aliponiona alisema, "Mama Gladness, umekuja. Usilie kwanza, nisikilize."

Nilikuwa silii. Nadhani alisema hivyo kwa ajili yake mwenyewe.

Saa 4:20 wanaume kama kumi na wawili waliingia mferejini wakajaribu kulinyanyua. Trekta lilisogea kidogo, halafu likarudi likakaa chini zaidi. Mume wangu alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku alipomzika mama yake. Akasema, "Acheni! Acheni jamani, mnaniua!" Wakaacha. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuligusa.

Wengine walisema tubomoe ukingo maji yatoke. Walichukua majembe wakapiga mara mbili tatu, majembe yakaruka, ile ni zege. Nilimtuma Gladness kwa bodaboda aende kwenye lango la maji, umbali wa kilomita tatu, aseme wafunge. Alipofika lango lilikuwa na kufuli na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda mkutanoni Misungwi. Gladness alilivunja kufuli kwa jiwe akashusha lango na yule wa bodaboda. Alinipigia akiwa huko, saa 5:15, akasema, "Mama, nimefunga." Lakini maji yaliyokwisha kupita langoni yalikuwa bado yako njiani yanakuja, na mfereji ule ni mrefu.

Naomba nirudi nyuma kidogo. Kabla ya hapo, saa 4:40, mume wangu alinivuta mkono akaniambia maneno haya: "Sikubanwa na injini. Nimebanwa na tenki la haidroliki na pampu yake. Vimechomoza hapa ubavuni. Vikitoka hivyo viwili, mguu unatoka. Kamwombe Mzee spana."

Nimeulizwa na Koplo Winnie haidroliki ni nini. Ni kile kifaa kinachosukuma mafuta ili jembe au haro la nyuma linyanyuke. Pampu imefungwa ubavuni mwa injini, ni ndogo kama tofali nusu, na juu yake kuna tenki la mafuta. Kwenye matrekta ya sasa, alivyoniambia mume wangu, vitu hivyo viko ndani. Kwenye hili la zamani viko nje.

Spana za trekta huwa hazikai kwenye trekta. Mzee Machibya huziweka nyumbani kwake, zimefungiwa, kwa sababu ni za inchi na siku hizi hazipatikani kirahisi. Alikuwa amefika, amesimama kwenye ukingo. Nilipanda nikamwambia, "Shikamoo mzee. Naomba spana, Chenge anasema tufungue pampu na tenki."

Alisema, "Marahaba. Lori lenye winchi nimeshaliita, liko Usagara, linakuja. Litalivuta kwa dakika tano. Tukianza kulifungua tutaliharibu, na Jumamosi kuna mtu anatoka Arusha kuja kulitazama alinunue. Anataka kila kitu chake cha zamani kiwe mahali pake."

Nilimwambia, "Mzee, maji yanapanda."

Akasema, "Lori linakuja, mwanangu. Tulia."

Nilitulia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilimwamini kwa sababu ni mtu mzima na ametutendea wema mwingi, na kwa sababu Usagara si mbali. Nilirudi mferejini nikamshika mume wangu kichwa, nikamwambia lori linakuja. Akasema, "Kama linakuja, sawa." Tukakaa hivyo. Maji yalitoka tumboni yakafika kifuani. Nilikuwa nimeweka alama kwa kidole kwenye ukuta wa zege, kila nikitazama alama iko chini ya maji, naweka nyingine.

Saa 5:30 Obedi alimpigia dereva wa lori kwa simu yake mwenyewe. Dereva alisema bado yuko Usagara, anabadilisha tairi. Nilipanda tena kwa Mzee Machibya. Safari hii sikumwamkia. Nilisema, "Naomba spana." Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anatazama barabara ya Usagara. Sikuona ubaya usoni kwake. Niliona mtu aliyeogopa, ila sijui alikuwa anaogopa nini zaidi.

Aliyeleta spana ni mke wake, Mama Roza. Sikumwomba. Alitokea nyumbani kwao saa 5:45 na sanduku la chuma kichwani, akapita mbele ya mume wake, akalitua mbele yangu. Aliniambia, "Chukua, mdogo wangu. Nyundo iko chini kabisa." Naomba mama huyu asisumbuliwe kwa hili.

Nimeulizwa kwa nini nilifungua mimi na si mwanamume. Nafasi kati ya gurudumu la mbele na ukuta ilikuwa ndogo. Obedi alijaribu kuingia, kifua kikakwama. Mimi ni mwembamba. Tena mume wangu alisema, "Aje mama Gladness. Anafungua cherehani yake mwenyewe, anajua nati ikikubali na ikikataa." Basi tukagawana hivi: Obedi aliingia kwa upande wa kichwani, akapiga magoti kwenye tope, akamshika mume wangu kwapani na kumnyanyua kichwa. Mimi niliingia kwa mbele nikalala ubavu kando yake. Uso wangu ulikuwa karibu na wake kiasi cha kusikia akinong'ona.

Kwanza alisema, "Kando ya kiti kuna mpini mdogo. Mwambie mtu ausukume mbele hadi mwisho. Haro itashuka, mafuta yatalegea. Bila hivyo yatakurukia machoni." Kijana mmoja wa pale, simjui jina, aliusukuma. Haro ilishuka kwa kishindo na trekta zima likatikisika. Watu juu walipiga yowe. Mume wangu alifumba macho, akayafumbua, akasema, "Vizuri. Sasa mipira."

Mipira ya mafuta ni miwili, mkubwa na mdogo. Nililegeza nati zake. Kushoto ndiko kufungua, aliniambia, lakini mimi nilikuwa nimelala kichwa chini na kushoto kwangu kulikuwa kumegeuka. Mara ya kwanza nilikaza. Aliniambia, "Unakaza. Rudi." Hakunifokea. Mipira ilipotoka, mafuta yalimwagika yakiwa bado na joto, yakamfunika kifua, yakasambaa meusi juu ya maji. Harufu yake bado iko kwenye nywele zangu, nimeziosha mara tatu.

Halafu tenki. Limeshikwa na bolti nne. Mbili za juu zilitoka bila taabu. Ya tatu nati yake ilikuwa imeliwa, spana inateleza. Nilijaribu mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Mume wangu alisema, "Chukua tindo na nyundo. Ipige kwa pembeni, itazunguka."

Nilimwambia, "Nikipiga, utaumia."

Akasema, "Piga."

Nilipiga. Kila pigo lilikuwa linaingia kwenye mguu wake, nilikuwa nalijua kwa pumzi yake. Sikuhesabu mapigo. Obedi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nadhani hakujua kama anaimba. Mzee Machibya alisema kutoka juu, "Paskazia, taratibu na nyundo." Nati ilizunguka. Bolti ya nne ilikuwa chini ya maji tayari, lakini haikuwa na kutu, nikaifungua kwa kupapasa.

Watu walishusha kamba, nikalifunga tenki, wakalivuta juu. Hapa naomba iandikwe vizuri. Aliyelipokea tenki lile juu ni Mzee Machibya mwenyewe. Alilifungua kamba, akaliweka kwenye majani, akalipangusa tope kwa mkono wa shati lake. Nilimwona. Obedi alimwona. Kwa hiyo hawezi kusema hajui lilitokaje kwenye trekta.

Tenki lilipotoka nilidhani mguu utatoka. Obedi alivuta. Haukutoka. Pampu ilikuwa bado imemkandamiza pajani.

Hapo maji yalikuwa yamefika kidevuni. Obedi alikuwa anamnyanyua kichwa kadiri shingo inavyoruhusu, na shingo ilikuwa imefika mwisho. Mume wangu akaniambia haraka haraka, maneno yakikatwa na maji: "Pampu ina bolti mbili tu. Moja juu, moja chini. Spana ni ile ndogo uliyotumia kwenye mpira. Zikitoka, pampu haitatoka yenyewe, imegandia kwenye injini. Ingiza bisibisi kubwa katikati, ipinde. Usiogope kuvunja." Halafu akasema, "Leteni bua la mpapai."

Mpapai uko pale karibu na daraja. Mtu alikata jani, akatupatia bua lake, ni kama bomba, lina tundu katikati. Obedi alimtia mdomoni, akambana pua kwa vidole. Kabla hajaliuma, mume wangu alituambia, "Nitakuwa namgusa mama Gladness mkono. Nikigusa, niko." Ilikuwa saa 6:35 mchana. Maji yakamfunika mdomo, yakamfunika pua, yakabaki macho. Alikuwa ananitazama. Halafu na macho.

Nilifanya kazi kwa mikono tu, sioni kitu, maji yalikuwa meusi kwa mafuta na tope. Bolti ya juu nilianza nayo. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya mkono wangu wa kushoto, na kila baada ya muda kidole chake kinagonga. Nilikuwa nazungusha spana robo, naitoa, naitafuta nati tena, nairudisha, robo nyingine. Ilikuwa haina nafasi ya kuzunguka zaidi ya robo. Kidole kinagonga. Robo. Kidole kinagonga. Bolti ya juu ikatoka, ikaniponyoka ikaanguka kwenye tope. Hiyo ndiyo bolti isiyopatikana. Haikuibwa.

Bolti ya chini ilinibidi nizamishe kichwa. Nilikuwa nashika pumzi, nashuka, nazungusha, napanda. Watu walikuwa wanalia juu. Nilisikia Gladness amerudi kutoka langoni, alikokuwa amebaki kulinda lisifunguliwe, anasema, "Baba, baba," lakini sikumtazama.

Mara ya tano au ya sita nilipopanda kupumua, kidole kilikuwa hakigongi.

Nilingoja. Hakikugonga. Nilimwambia Obedi, "Ameacha kunigusa." Obedi alikuwa na maji kifuani, uso wake umejaa mafuta, mikono yake yote iko chini ya maji. Akasema, "Shemeji, endelea." Nikamwambia, "Obedi, ameacha." Akasema tena, "Endelea, nimemshika. Endelea."

Nikashuka. Nilikuwa na uchaguzi wa kumshika uso mume wangu au kushika spana, na nilishika spana. Nimekuwa nikijiuliza kwa siku sita kama mke anatakiwa kufanya hivyo. Naomba liandikwe kama lilivyo. Sikugeuka kumshika.

Bolti ilitoka. Niliingiza bisibisi pale nilipohisi chuma kinakutana na chuma, nikaipinda kwa uzito wangu wote, miguu nimeikita ukutani. Pampu ilikataa. Nikapinda tena. Ilitoka kama jino, kwa ghafla, ikaniangukia kifuani, na Obedi akavuta. Wote wawili walitoka kinyumenyume, nikaona kichwa cha mume wangu kiko nje ya maji na bua la mpapai bado liko mdomoni. Watu watano waliruka ndani wakamtoa mpaka ukingoni. Alikuwa wa kijivu. Obedi alimlaza kifudifudi juu ya goti lake akampiga mgongoni, mara ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ya tatu akatapika maji na mafuta. Halafu akavuta pumzi yenye sauti kama msumeno. Ilikuwa saa 7:05 mchana.

Mimi nilikuwa bado mferejini nimekumbatia pampu. Sikuweza kuinuka. Gladness ndiye aliyenitoa.

Tulimpakia kwenye gari dogo la mizigo la mfanyabiashara wa dagaa anayepeleka mzigo Kirumba, mjini Mwanza. Kabla hatujaondoka nilimwambia Obedi, "Shemeji, hivi vitu usiviache hapa, vitapotelea kwenye tope. Viweke kwako." Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu. Mzee Machibya alikuwa ameondoka hapo kabla, wakati maji yamemfunika mume wangu. Alitembea kuelekea barabarani peke yake. Sikumwona tena siku hiyo. Lori lenye winchi lilifika saa 8:10 mchana, nimeambiwa na Gladness, aliyebaki kutafuta nguo za baba yake. Likalivuta trekta kwa muda mfupi tu, kama Mzee alivyosema.

Jumatano tarehe 11 mume wangu alikatwa mguu wa kulia juu ya goti, katika hospitali mjini Mwanza. Daktari alinieleza kwamba damu ilikaa muda mrefu bila kupita. Alisema pia, bila mimi kumuuliza, kwamba kama angetolewa saa moja mapema huenda wangejaribu kuuokoa. Niliweka kidole gumba kwenye karatasi ya ruhusa ya upasuaji kwa sababu vidole vingine vilikuwa vimefungwa bandeji.

Alhamisi saa 4 asubuhi aliamka vizuri. Aliutazama mwili wake chini ya shuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Alichoniuliza ni hiki: "Ile pampu mmeiweka wapi?" Nikamwambia iko kwa Obedi. Akasema, "Imelala na maji? Itashika kutu ndani, haitafaa tena. Mpigie aimimine maji, aioshe kwa dizeli, aipake mafuta, aifunge kwenye gunia." Nilimkasirikia. Nilimwambia, "Baba Gladness, kile kitu kimekula mguu wako." Akasema, "Si kosa lake."

Nikampigia Obedi. Ni saa 4:20 asubuhi ya Alhamisi tarehe 12, simu yangu inaonyesha. Obedi akafanya alivyoagizwa. Kwa hiyo askari walipokuta pampu imeoshwa, imepakwa mafuta na kufungwa vizuri kwenye gunia, wakadhani imeandaliwa kuuzwa. Ilikuwa imeandaliwa kurudi kwenye trekta.

Jumamosi yule mtu wa Arusha alikuja, akakuta trekta lina tundu ubavuni, akaondoka. Mama Roza ndiye aliyenieleza kwa simu. Siku hiyo hiyo Mzee Machibya alikuja hapa kituoni akaandikisha kwamba ameibiwa.

Nimeulizwa kwa nini sikumjulisha Mzee Machibya vitu vyake viliko. Sikumjulisha kwa sababu nilikuwa wodini, na kwa sababu hakuja wodini. Angekuja ningemwambia.

Nimeulizwa kama nina ugomvi naye wa zamani. Sina. Mtoto wetu wa kwanza alipofariki, trekta lile ndilo lililobeba jeneza, na Mzee Machibya ndiye aliyelitoa.

Nimeulizwa kama nataka kuandikisha malalamiko dhidi yake. Najibu kwamba leo sikuja kwa hilo, nimekuja kwa ajili ya Obedi. Lakini naomba ibaki kwenye karatasi kwamba saa 4:40 niliomba spana, na saa 5:30 niliomba tena, na spana zilikuwa umbali wa mtu kutembea robo saa kwenda na kurudi. Sitaongeza neno. Mwenye kusoma atapiga hesabu.

Obedi ana mke na mama yake mzee. Jana alilala sakafuni humu ndani kwa kosa la kushika kichwa cha mtu. Kama kufungua pampu ile ni kosa, aliyefungua ni mimi, na ningekuwa na spana mapema ningefungua mapema. Kama kuna wa kuwekwa mahali pa Obedi, niko hapa, ila naomba mtu ampeleke Gladness hospitali na uji wa baba yake.

Mume wangu yu hai. Na hilo naomba liandikwe.

Yaliyo juu ni maneno yangu mwenyewe. Nimesomewa taratibu, nimeyasikia, na hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la kushoto) Paskazia Masele
Saa 5:10 asubuhi, 16/09/2024

MAELEZO YA ASKARI

Mimi Koplo Winnie nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi kwa Kiswahili, nikamsomea, akakubali kuwa ni sahihi. Shahidi anajua kusoma na kuandika, ila ameweka dole gumba kutokana na majeraha ya vidole. Nimeziona saa za simu katika simu mbili, zinalingana na maelezo. Nimekagua kielelezo: pampu moja na tenki moja, vyote vizima. Nati moja ina alama za tindo. Bolti moja haipo. Mke wa mlalamikaji amefika kituoni saa 5:00 bila kuitwa, naye anasubiri kuandikwa. Mlalamikaji ameitwa kufika leo alasiri kutoa maelezo ya nyongeza.

Baada ya kuwasiliana na mkuu wa kituo, Obedi Masalu ameachiwa saa 5:35 asubuhi. Shahidi alikuwa amemsubiri nje kwenye benchi. Wameondoka pamoja kuwahi muda wa kuona wagonjwa.